Kiti mwendo cha magurudumu matatu na mto wake: uzoefu wangu kwenye mitaa ya mchanga

Kiti ninachotumia ni cha magurudumu matatu, kile ambacho gurudumu la mbele ni moja na limetangulizwa mbali na miguu. Kinakuja na mto wa sponji wa tabaka mbili. Nipo Dar es Salaam, upande ambao ukiacha barabara kuu lami imekwisha. Ninayoyaandika yanawahusu zaidi vijana waliopooza kuanzia kiunoni, iwe kwa kuumia uti wa mgongo au kwa kuzaliwa na mgongo wazi, ambao makalio yao yana ganzi. Mwenye hisia kamili ataona mengine ni kujisumbua bure. Mwenye ganzi atanielewa.

Kiti nakipa nyota nne kati ya tano. Kwenye mchanga hakina mpinzani. Kile cha kukunja cha hospitali kina magurudumu mawili madogo ya mbele yanayobeba sehemu kubwa ya uzito, hivyo kila ukisukuma yanajichimbia. Cha matatu kinaacha uzito mwingi juu ya matairi makubwa ya nyuma, na la mbele linapita juujuu. Ukiinama kuokota kitu hakikutupi kifudifudi. Tairi za nyuma ni za baiskeli, kwa hiyo tyubu na kiraka vipo kwa fundi yeyote wa mtaani.

Nyota niliyoikata ni ya urefu. Kwenye korido nyembamba hakigeuki, na vyoo vingi vya shule ukiingia mbele utatoka kinyumenyume. Daladala usahau. Kwa Bajaji chomoa magurudumu ya nyuma kwanza, fremu ndiyo iingie. Usafiri wa mabasi ya Mwendokasi, ulioanza 2016, unafaa zaidi kwa sababu jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi, ila epuka saa za kwenda na kurudi kazini.

Mtu anayesifia kiti bila kutaja alivyopimwa amesema nusu ya habari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataja hatua nane: rufaa na miadi, tathmini, kuandikiwa kiti, fedha na kuagiza, kukiandaa, kukirekebisha ukiwa umekikalia, mafunzo, halafu matengenezo na ufuatiliaji. Viti vinavyogawiwa kwenye hafla huruka karibu hatua zote. Picha inapigwa, mgeni rasmi anaondoka, na mtoto wa miaka 12 anabaki na kiti chenye upana wa mtu mzima. Ataegemea upande mmoja ili mkono ufike kwenye gurudumu, na mgongo wake utakwenda huko huko.

Pa kuulizia ni hospitali ya CCBRT kwa walio Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC kwa walio Moshi, ambako pia kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Kama huna uwezo wa kulipa, anza na afisa ustawi wa jamii, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa. Siku ya kupimwa vaa viatu unavyovaa kila siku, maana soli nene inabadilisha urefu wa sehemu ya kuwekea miguu. Usivae jinzi yenye mifuko ya nyuma. Kama unacho kiti cha zamani, nenda nacho hata kama kimevunjika, kwa sababu tairi iliyolika upande mmoja inamwonyesha fundi unavyokaa.

Usiondoke kabla ya kukagua mambo haya. Mapaja yaguse mto kuanzia nyonga hadi karibu na goti. Kati ya ukingo wa mto na nyuma ya goti ipite nafasi ya vidole viwili. Ukilegeza mabega na kuweka kiganja juu kabisa ya gurudumu, kiwiko kikunjike karibu pembe mraba. Kiegemeo kwa anayejisukuma kiishie chini ya mfupa wa bega, kikizidi hapo kinazuia mikono. Sehemu ya miguu iwe juu ya ardhi walau sentimita 5, vinginevyo kila tuta litaikwangua.

Sasa mto. Huu ndio unaoamua kama utakwenda shule au utalala kifudifudi miezi kadhaa ukiuguza kidonda cha kukaliwa muda mrefu bila kuhisi. Wangu una msingi wa sponji ngumu iliyochongwa shimo upande wa nyuma, mahali mifupa miwili ya kukalia inapotua, na tabaka laini juu yake. Mbele umeinuka kidogo ili mapaja yabebe uzito na usiteleze. Kosa linalotokea karibu kila nyumba huja baada ya kufua: mto unarudishwa kinyume, shimo likawa mbele, na mifupa inakalia ule mwinuko. Ukiwa na ganzi husikii chochote mpaka ngozi ichanike. Andika NYUMA kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye sponji yenyewe, kwa kuwa ganda la kitambaa la mto linaweza kuvalishwa vibaya pia.

Kipimo cha mto ni cha mkono, hakihitaji mashine. Ukiwa umekaa, mhudumu anapitisha vidole kati ya mto na mfupa wako wa kalio. Ncha za vidole zikichezeka juu na chini kama milimita 5, ni salama. Zisipochezeka lakini zikachomoka bila taabu, ni onyo. Zikibanwa kiasi kwamba kuzitoa ni kazi, mto huo haukufai, hata uwe mpya wa kwenye mfuko. Apime pande zote mbili, maana nyonga iliyopinda hulemea upande mmoja. Msichana ana haki ya kuomba apimwe na mhudumu wa kike, na aombe bila kuona haya.

Sponji huchoka, na kwa joto letu huchoka mapema. Ikilowa mkojo, ioshe na uianike kivulini, jua kali linaifanya ikauke na kumegeka. Usiufunge mto kwa nailoni kukwepa kulowa: unateleza, unatoa jasho, na ngozi yenye unyevu ndiyo inayochubuka kwanza.

Hakuna mto unaokuruhusu kukaa siku nzima bila kujitikisa. Kila dakika 15 hadi 30 inama mbele, viwiko juu ya magoti, ukae hivyo kama dakika mbili. Kujinyanyua kwa mikono kunafundishwa sana, lakini hakuna anayeweza kujishikilia hewani muda huo, na mabega yanaumia. Anayetumia kiti kifupi cha magurudumu manne arudi nyuma kidogo kwanza ili yale madogo yageukie mbele, ndipo ainame, la sivyo kiti kinaweza kupinduka.

Jioni jikague kwa kioo. Vipeperushi vinasema utafute wekundu, ushauri ambao kwenye ngozi nyeusi hausaidii sana. Tafuta pale palipokuwa peusi zaidi au panapong'aa, kisha gusa kwa mgongo wa kiganja: joto, ugumu au uvimbe ni dalili tosha. Alama isiyopotea baada ya nusu saa ina maana usipakalie tena mpaka iondoke. Pakishachubuka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, asali na unga wa vidonge viache nyumbani.

Matengenezo ni mepesi. Breki inashika kwa kukandamiza tairi, kwa hiyo breki ikilegea jaza upepo kabla ya kugusa bolti. Wengi huikaza, wakija kujaza upepo inang'ang'ania. Gurudumu la mbele likianza kuyumba, beringi imeingia mchanga. Ichomoe, uende nayo dukani kama sampuli, kwani namba yake imegongwa ubavuni na kwa maduka ya vipuri si kitu cha kuagiza.

Kuhusu vile vishikio vya nyuma vya kusukumia: kama unajisukuma mwenyewe, muulize fundi kama vinafunguka. Vikiwepo, kila mpita njia anajiona ametumwa akusukume, na wengine hawakuulizi hata unakwenda wapi.

Kijana anayekua arudi kupimwa walau kila baada ya miezi sita. Miguu ndiyo hurefuka kwanza. Ukiona magoti yamepanda juu kuliko nyonga, sehemu ya miguu ishushwe mara moja, kwa sababu uzito wote umeshahamia kwenye makalio.