Kuchapa kitabu chako: ofseti au dijitali?

Mswada umehaririwa, jalada lipo, namba ya utambulisho wa kitabu (ISBN) unayo. Limebaki swali la mtambo.

Ofseti inadai pleti, yaani mabamba yanayobeba picha ya kurasa na kuihamishia kwenye karatasi, kabla nakala ya kwanza haijatoka. Jalada la rangi kamili peke yake hula pleti nne. Gharama hiyo ni ileile, uchape nakala 100 au 3,000, ndiyo maana bei ya kitabu kimoja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Kurasa nazo huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16. Kitabu cha kurasa 162 kinaweza kukulipisha fungu zima la ziada kwa sababu ya kurasa mbili. Punguza shukrani, shemeji zako watakuelewa.

Dijitali haina pleti. Unapeleka PDF, unachukua nakala 30, zikiisha unaongeza. Kila nakala ni ghali zaidi na bei haishuki sana, lakini ukikuta jedwali limekosewa unarekebisha faili tu. Kwenye ofseti kosa hilo umelipia maboksi kwa maboksi.

Kwa kitabu cha kodi au ufugaji, ambacho viwango na bei zake hubadilika kila mwaka, mimi ni dijitali bila kusita. Ofseti isubiri shule au kanisa lilete oda ya maana, tena yenye malipo ya awali.

Kokote uendako, omba nakala ya majaribio na uikunjue katikati kwa nguvu. Gundi mbovu itaachia kurasa hapo hapo dukani.