New Holland TC5.30: tunarekebisha ngoma, feni na chekecheke kwa ngano

Karibuni watazamaji. Leo kamera iko nyuma ya kombaini, maana ukiangalia kwa mbele kila kombaini inapendeza. Hii ni New Holland TC5.30: ngoma ya kupura yenye kipenyo cha kama sentimita 60, ngazi tano za kutikisa majani, hedi, yaani kikatio cha mbele, ya futi 15. Tuko kwenye ngano, unyevu asilimia 15.

Tunaanzia hapa: ngoma mizunguko 900 kwa dakika. Nafasi kati ya ngoma na wavu wake milimita 12 mbele, 5 nyuma. Chekecheke ya juu imefunguliwa milimita 12, ya chini 6. Feni mizunguko 800 kwa dakika. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Sasa sikilizeni injini. Aksileta iko mwisho, na ibaki mwisho muda wote wa kuvuna. Dereva akitaka kwenda polepole atumie leva ya mwendo. Akipunguza aksileta, ngoma, feni na ngazi vyote vinalegea kwa pamoja, majani yanarundikana, yanatoka na ngano ndani yake. Na kasi ya ngoma au feni ibadilishwe mashine ikiwa inazunguka. Ukilazimisha ikiwa imesimama, puli zinaubana mkanda na kuuharibu.

Kifaa cha muhimu kuliko vyote leo ni hiki: sinia la sentimita 50 kwa 50, limefungwa kamba. Zima kikata majani. Kombaini ikipita kwa mwendo wake wa kawaida, sinia linarushwa kutoka ubavuni, hedi ikishapita na kabla majani hayajaanguka. Mrushaji akae mbali na magurudumu. Kisha ondoa majani, puliza makapi taratibu, hesabu punje.

Hapa tumepata 220. Sinia ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo mita nzima ni 880. Lakini majani yanaangukia upana wa mita 1.3 tu, wakati hedi imekata mita 4.57, basi gawanya kwa 3.5: unapata kama punje 250 kwa kila mita ya mraba ya shamba. Punje elfu za ngano hii zina gramu 40. Ukipiga hesabu ni kilo 40 kwa ekari, karibu nusu gunia limebaki chini! Dereva analipwa kwa ekari, mkulima anavuna kwa gunia, kwa hiyo mkulima ndiye anayepaswa kushika hili sinia.

Sogezeni macho. Punje hizi ni nzima, ziko huru, hakuna iliyobaki kwenye suke. Ngoma imefanya kazi yake, msiiguse. Kama mngeona masuke yenye ngano, hapo ndipo ungesogeza wavu karibu na ngoma kidogo kidogo, au kuongeza mizunguko 50. Kwa hizi, anza na mwendo: toka kilomita 5 kwa saa hadi 4, rusha sinia tena. Hesabu ikishuka sana, ngazi zilikuwa zimelemewa. Isiposhuka, punguza feni kwa 50. Watu wengi huongeza feni ili ngano ya tangini ionekane safi, na upepo unaipeperusha nje pamoja na makapi. Makapi yakizidi tangini, rekebisha chekecheke. Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uguse kingine.

Tangini, angalieni punje zilizovunjika. Zikionekana, punguza ngoma kwanza. Halafu kagua marejeo, yaani mabaki yanayorudishwa kwenye ngoma kupurwa tena: yakijaa ngano safi, chekecheke ya chini imebanwa mno, na ngano hiyo inapurwa mara ya pili bure.

Ninachokipenda kwenye TC hii ni majani: yanatoka marefu, yanafungika vizuri kwa marobota, na mwenye ng'ombe anajua thamani yake. Nisichokipenda, asubuhi yenye umande au shamba lenye magugu mabichi ngazi zinalemewa upesi. Chekecheke nayo unairekebisha kwa mkono kule nyuma, na hapo lazima uzime injini, uchomoe ufunguo na kungoja kila kitu kisimame kabisa.

Ukihamia shayiri ya kimea, ile inayooteshwa kwanza ili kutengenezea bia, shusha ngoma hadi kama 800 na upanue nafasi ya wavu kidogo. Punje iliyochubuka au kupasuka kiini haioti vizuri, na isiyoota haifai kwa kimea. Chukua konzi moja tangini, itandaze kwenye kiganja juani, ukague ganda la kila punje kabla hujaendelea na mstari wa pili.