Safari ya Likasi kutafuta kambi ya nkambo: iko muzuri, ila waongeze saa ya kambi

Kama nkambo (babu) yenu alitumikaka Union Minière, ile kampuni ya Babeleji ya kuchimba shaba ku Katanga, hii safari ya siku moja kutoka Lubumbashi kwenda Likasi muifanye, na musiache nyuma mutu mukubwa wa familia anakumbuka majina, ju bila yeye mutaona tu manyumba ya matofali. Shiye tulienda na tantini, dada mukubwa ya baba, alizaliwaka ku Shituru, kambi ya batumikaji ya kampuni pale Likasi.

Motoka safi, shofere anaendesha polepole, na tunamushukuru sana ju ile barabara ya kilomita 120 hivi makamyo ya shaba haiishake. Kijana mwenye kutuongoza iko na heshima, anamuita tantini "mama" tangu asubui mpaka mangaribi, na historia anaijua: Union Minière ilianza 1906, muji ukaitwa Jadotville ju ya Jean Jadot, mukubwa mumoja wa ile kampuni, jina Likasi ikarudia 1966, na 1967 serikali ikakamata kampuni yote, njo kukatoka Gécamines, kampuni ya serikali.

Sasa kasoro. Asubui yote inaisha ku manyumba ya bakubwa ya zamani, veranda pana, miembe, lupangu kama uwanja wa mpira. Iko mazuri kweli, zingine benyewe banatunza vizuri, zingine mabati inavuja na inaniuma kuona vile. Lakini kambi, fasi kwenye nkambo zetu balilala na kuzaa, programu inaipa dakika kidogo tu!! Na kule njo kuko habari yenyewe: mwanzo kampuni ilikuwa inaleta banaume peke, wa Kasai, wa Rwanda, wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kwa mikataba mifupi, kisha mwisho wa myaka ya 1920 ikaanza kutaka mutu akae na bibi na batoto, ikatoa nyumba, posho, materniti, masomo, ju kila saa kutafuta batu bapya kulikuwa kunaikula franga mingi. Njo vile nkambo yetu ya Kasai hakurudia kwao, na shiye tunaongea Kiswahili nyumbani.

Tantini alitambua mustari wa nyumba yao mbio sana. Mama anaishi mule leo akatutolea viti, tantini akaanza kuhesabu bajirani mulango kwa mulango, nani fundi, nani alikuwa anapiga gitaa, na mi naandika paka kuandika. Saa ya kutoka ikafika, tukaomba, kijana akapigia mukubwa yake simu na akatuachia saa ingine. Kwa ile moyo peke namupa nyota zote.

Chakula, bukari na samaki, imo ndani ya bei na inashibisha. Picha muombe kwanza ruhusa, zaidi karibu na usine. Muende na kitabu ya kuandikia. Shiye tunarudia na badogo yangu ku vakanse, na nimeisha kumuandikia yule kijana: tuanzie ku kambi, manyumba ya bakubwa tutaipitia wakati wa kurudi.