Uzoefu wangu na Donner Yellow Fall, na hesabu ya kufanya kabla ya kununua dilei ya bei nafuu

Donner Yellow Fall ni pedali ndogo ya dilei, yaani kifaa cha gitaa kinachorudia noti zako kama mwangwi, yenye nobu tatu na swichi moja ya mguu. Mtandaoni huwa chini ya dola 50 kabla ya gharama za usafiri. Muda kati ya noti na mwangwi wake unaanzia milisekunde 20 na kuishia 620. Nampendekezea mtu anayepiga nyimbo za mwendo wa kati na wa kasi. Anayepiga zaidi nyimbo za taratibu za kuabudu atafute nyingine, na sababu yake ni hiyo 620.

Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 una pigo la 500. Sasa ule mwangwi wa gitaa unaosikika kwenye nyimbo nyingi za kuabudu, mpigaji akipiga kila nusu pigo na dilei ikijaza mapengo, hauangukii kwenye pigo lenyewe. Unaangukia kwenye robo tatu ya pigo. Kwa hiyo gawanya 45,000 badala ya 60,000: wimbo wa mapigo 120 unataka milisekunde 375, wa 90 unataka 500, wa 75 unataka 600, na wa 72 unataka 625. Hapo Yellow Fall imeshaishiwa. Milisekunde tano ni kidogo ukisikia mwangwi wa kwanza tu, lakini wa nne unakuwa umetangulia kwa ishirini, na mpiga ngoma anaanza kukuangalia. Wimbo wa mapigo 66 unataka karibu 682, kwa hiyo itabidi urudi kwenye nusu pigo, yaani 455, nao ni mtindo mwingine kabisa.

Andika nyimbo kumi unazopiga mara kwa mara, tafuta mapigo ya kila moja kwa metronomu ya simu, kisha fanya hesabu hiyo. Ni kazi ya nusu saa na ina faida kuliko kutazama video ishirini za majaribio, kwa sababu kwenye video kila mtu anachagua mwendo unaoipendeza pedali yake.

Kuhusu sauti, kwanza tuelewane juu ya neno "analogi" (sauti isiyogeuzwa kuwa tarakimu) lililoandikwa kwenye maboksi ya pedali za bei hii. Nyingi zinatumia chipu ya PT2399 ya kampuni ya Princeton Technology ya Taiwan, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za karaoke. Noti yako ya asili inapita bila kuguswa, lakini mwangwi unageuzwa kuwa tarakimu na kuwekwa kwenye kumbukumbu ya biti 44,000 hivi. Kumbukumbu hiyo haiongezeki. Ukitaka mwangwi mrefu zaidi, chipu inapunguza kasi ya saa yake, na sampuli zinakuwa chache kwa kila sekunde. Karatasi ya maelezo ya chipu yenyewe inataja upotoshaji wa sauti wa asilimia 0.13 kwenye milisekunde 31 na asilimia 1 kwenye 342. Pedali zinazofika 600 zinaivuta mbali kupita hapo.

Matokeo yake unayasikia. Chini ya 350 mwangwi ni safi na mtamu, umepungua makali kidogo ya juu, jambo ambalo kwa gitaa ni zuri kwa sababu noti mpya inabaki mbele na mwangwi unakaa nyuma yake. Kati ya 350 na 500 unaanza kufifia kama redio iliyo chumba cha pili. Juu ya hapo kuna shhh inayofuata kila mwangwi, na ukiongeza marudio inajilimbikiza. Yellow Fall ina tabia hii hii. Naihesabu kuwa pedali ya milisekunde 500 yenye akiba ya dharura ya 120.

Kwa gitaa la sebene pedali hii iko nyumbani. Kwenye mapigo 140, robo ya pigo ni milisekunde 107. Weka "Time" karibu na mwanzo ili upate mwangwi huo mfupi, "Back" chini kabisa ili urudi mara moja tu, na "Echo", yaani ukubwa wa sauti ya mwangwi, ielekee mahali namba 11 ilipo kwenye uso wa saa. Vidole vinavyocheza robo robo za pigo vitasikika kama magitaa mawili yanayofukuzana. Ukirefusha hadi 300 na kuongeza marudio, vipande vya haraka vinagongana na kuwa uji, na kosa hilo nalisikia kwenye bendi nyingi kuliko kosa jingine lolote la dilei. Kwa rumba ya polepole mwangwi wa nusu pigo, marudio mawili au matatu, unatosha.

Haina swichi ya kugonga mapigo kwa mguu, wala nobu ya "Time" haina namba. Metronomu inakuokoa. Kwa mwangwi wa nusu pigo, weka metronomu mara mbili ya mapigo ya wimbo. Kwa robo tatu ya pigo, zidisha mapigo kwa 4 ugawanye kwa 3: wimbo wa 120 unaweka metronomu kwenye 160, wa 90 kwenye 120. Piga noti moja iliyozimwa kwa kiganja, ongeza "Back" ili irudi mara sita au saba, kisha zungusha "Time" pole pole mpaka miangwi na mlio wa metronomu viwe kitu kimoja. Rudisha "Back" ulipotaka. Weka alama kwa kipande chembamba cha utepe mweupe na kalamu. Alama tatu zinatosha. Zikizidi, gizani jukwaani hutazisoma.

Chunga mwisho wa "Back". Ukiizungusha karibu na kikomo, mwangwi unaanza kujilisha wenyewe na kupanda bila kukoma hata kama umeacha kupiga. Ukiwa umeunganisha kwenye mikseri ya ukumbi unaweza kuumiza spika, achilia mbali masikio ya watu. Hapo shusha "Back" haraka au kanyaga swichi uizime.

Mpangilio ni gitaa, tuna (kifaa cha kulinganisha nyuzi), distoshoni (pedali ya ukali), kisha dilei, kisha ampu. Dilei ikitangulia distoshoni, miangwi yote inasagwa pamoja na noti mpya na huwezi kutenganisha kitu. Kama unatumia ukali wa ampu yenyewe, dilei ipite kwenye lupu ya efekti, tundu la "Send" kwenda kwenye pedali na kutoka kwenye pedali kurudi "Return". Kuna ampu ambazo "Send" yake ina nguvu kubwa kuliko pedali ndogo inavyoweza kumeza. Mwangwi ukikwaruza hapo lakini ukiwa safi mbele ya ampu, punguza kiwango cha lupu. Ampu nyingi ndogo za mazoezi hazina lupu. Basi iache ampu iwe safi, ukali upate kwenye pedali.

Sasa umeme, ambao ndio unaoua pedali nyingi za bei nafuu. Yellow Fall haina nafasi ya betri. Inataka volti 9 za umeme wa moja kwa moja (DC), hasi iwe katikati ya pini. Adapta nyingi za kinanda za Yamaha ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati, na plagi inaingia vizuri tu. Usijaribu hata kwa sekunde moja. Tazama mchoro mdogo kwenye adapta: duara la katikati liunganishwe na alama ya kutoa. Kama mchoro umefutika, pima kwa mita: waya mwekundu wa mita ndani ya pini, mweusi nje, na namba inapaswa kusoma −9 au karibu yake. Adapta nzito za zamani zisizo na udhibiti zinaweza kuandikwa volti 9 na kutoa 13 zikiwa hazina mzigo, na ndani yake muungurumo wa gridi unapita hadi kwenye spika.

Muungurumo mzito wa chini ni adapta mbovu au kebo iliyochoka. Mluzi mwembamba wa juu unaobadilika ukizungusha "Time" ni saa ya chipu inayovuja kupitia waya wa umeme, na hutokea zaidi pedali kadhaa zinapogawana adapta moja. Kipimo chake ni rahisi: nunua waya wa kofia ya betri ya volti 9 wenye plagi ya pini, na uhakikishe chanya imeungwa kwenye ganda la nje. Washa dilei peke yake kwa betri. Mluzi ukipotea, pedali ni nzima, na dawa ni kuipa dilei adapta yake. Vifaa vinavyopandisha volti 5 za chaja ya simu kuwa 9 navyo huleta mluzi huu mara nyingi.

Hitilafu za pedali za aina hii, bila kujali jina lililo juu, najua tatu zinazojirudia. Ya kwanza siyo uharibifu: taa inawaka, gitaa linasikika, mwangwi haupo. PT2399 inaweza kukwama ikiwashwa wakati "Time" iko mwanzo kabisa. Sogeza nobu katikati, chomoa umeme, hesabu hadi tano, rudisha. Ya pili ni pedali iliyokufa ghafla baada ya kuchomekwa adapta isiyo yake. Mara nyingi kilichoungua ni diodi ya kinga karibu na tundu la umeme, aina ya 1N4001 au 1N5817, na fundi redio yeyote mwenye chuma cha kulehemu anaibadilisha kwa bei ya soda. Ya tatu ni swichi ya mguu yenye miguu tisa, inayochoka hadi sauti inakatika ukikanyaga. Kuibadilisha kunataka mkono mtulivu. Piga picha nyaya zote kwanza.

Baipasi yake ni halisi, yaani ikizimwa gitaa linapita bila kugusa saketi ya dilei, hivyo ukiizima mwangwi unakatwa hapo hapo. Kwa wimbo unaotaka mkia uendelee kusikika, kanyaga baada ya mkia kwisha.

Mbadala mwingine wa bei nafuu ni Behringer VD400. Hiyo mwangwi wake ni wa analogi kweli, sauti ikipokezanwa ndani ya chipu kutoka hatua hadi hatua kama watu waliopanga mstari na ndoo za maji. Joto lake nalipenda kuliko la PT2399. Lakini inaishia milisekunde 300, yaani robo tatu ya pigo unaipata kuanzia mapigo 150 tu, na kasha ni la plastiki. Kwa sebene na kwa mwangwi mfupi wa rumba ni chaguo zuri. Kwa kuabudu haifai.

Kwa nyimbo za taratibu ningeweka akiba hadi kupata Boss DD-3 iliyotumika. Ilianza kutengenezwa 1986, inafika milisekunde 800, kwa hiyo robo tatu ya pigo inakwenda nayo hadi wimbo wa mapigo 57. Mwangwi ni wazi hata kwenye urefu wote. Nobu ya nne inachagua kiwango cha urefu wa mwangwi: hadi 50, hadi 200, hadi 800, na ya kushikilia sauti. Ukiikagua kwa muuzaji, jaribu nafasi zote nne, zungusha kila nobu ukisikiliza mkwaruzo, tikisa plagi kwenye matundu, na ufungue sehemu ya betri utazame kama kuna kutu ya betri iliyovuja. Kisha soma kibandiko.   Iliyoandikwa PSA, jina la adapta ya Boss, inataka volti 9 za kawaida, hasi katikati.