Gari la familia la haibridi: uanze na lipi kabla hujatuma hela Japani

Mtoto wa tatu akizaliwa, Toyota IST, kile kigari kidogo, inakwisha. Haijaharibika, imekwisha nafasi. Unapanga watoto watatu nyuma, bibi yao, begi la nepi na ndoo ya samaki wa Feri, kisha unagundua mama watoto bado yuko nje ameshika mlango. Hapo ndipo watu wa Dar huanza kuwaza Noah, na kinachowarudisha nyuma ni mafuta. Gari refu lenye injini ya lita 2.0, ukiwa nalo Kimara saa kumi na mbili asubuhi, linakunywa huku limesimama.

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, imekuja kuponya hapo. Ukisimama injini inazima. Foleni ikisogea, gari linatambaa kwa umeme. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri, kwa hiyo hakuna kuchomeka waya popote. Ila ujue faida yake iko mjini. Ukishika lami kwenda Moshi kwa mwendo mmoja, tofauti na gari la kawaida inapungua sana, na kama maisha yako yote ni safari za mikoani, nunua la petroli utulie.

Piga hesabu yako mwenyewe. Tuchukulie unatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari la kilomita 10 kwa lita litakula lita 1,200. La kilomita 16 litakula 750. Zile 450 zidisha kwa bei ya mafuta ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA, ulinganishe na tofauti ya bei ya kununulia. Usitumie namba za vipimo vya Japani, maana kule hakuna matuta ya Mbagala.

1. Toyota Noah na Voxy za haibridi (kuanzia 2014)

Hii ndiyo chaguo langu. Injini ni 1.8, ileile ya Prius ya kizazi cha tatu, na betri iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo haijala nafasi ya mizigo. Watu saba wanakaa, na siti ya nyuma kabisa mtu mzima anakaa kweli, magoti hayagusi kidevu. Milango ya kuteleza ni neema kwenye maegesho ya Kariakoo. Siti za nyuma unazikunja na kuzining'iniza kando ya madirisha. Hapo magunia ya mchele yanalala bila shida. Mkiwa saba, lakini, nyuma inabaki nafasi ya kiroba kimoja kilichosimama. Safari ya Krismasi itataka keria.

Ugonjwa wa injini hii unajulikana: njia ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, huziba kwa masizi, na ikiachwa hivyo gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua. Dalili ni injini kutikisika asubuhi kama ina homa, au maji ya rejeta kupungua bila kuvuja popote.

2. Toyota Sienta ya haibridi (kuanzia 2015)

Kwa mwenye bajeti ndogo, hii inaweza kuwa namba moja. Injini yake ya 1.5 ni ndugu wa damu wa injini ya 1NZ ya IST, hivyo fundi wako wa mtaani hashangai akifungua boneti. Siti ya tatu inazama chini ya siti ya pili, na buti linakuwa kubwa ajabu. Siti hiyo ni ya watoto, tusidanganyane. Na ukijaza watu saba kupanda Lushoto, italia.

3. Toyota Prius Alpha (kuanzia 2011)

Kwenye mafuta inaishinda Noah. Kuna ya siti tano, betri iko chini ya sakafu ya buti, na ya siti saba, betri ya lithiamu imewekwa katikati ya siti mbili za mbele. Iko chini, matuta yanaikwangua. Kaka yangu alichukua ya siti tano kwenye yadi moja mjini. Mwezi wa nne taa ya onyo ikawaka. Fundi alipofungua feni ya kupoza betri alitoa kiganja kizima cha vumbi, nywele na maganda ya karanga. Tundu la hewa liko pembeni ya siti ya nyuma, pale pale watoto wanapokula. Seli zilikuwa zimekwisha kuchemka.

4. Honda Freed ya haibridi (kuanzia 2016)

Ndani imepangwa vizuri kuliko Sienta. Shida ni gia boksi yake ya klachi mbili, ambayo haipendi kutambaa kwenye foleni ndefu za joto. Uwe na fundi anayeijua kwanza.

Estima na Alphard ni raha tupu, zina mota hadi kwenye magurudumu ya nyuma, lakini injini za 2.4 na 2.5 zinakupandisha daraja la ushuru. Nissan Serena ya S-Hybrid usiihesabu kabisa: kimota chake kinasaidia kidogo tu, hakisukumi gari peke yake. Ukitaka Serena, tafuta ya e-Power, ambayo mota ndiyo inayosukuma gari.

Umri wa gari uangalie mapema. Likivuka miaka 8 tangu litengenezwe, TRA, mamlaka ya mapato, inaongeza ushuru wa uchakavu. Kwa ndugu zetu wa Kenya halipiti kabisa. Omba karatasi ya mnada, ile ya Japani inayoeleza hali ya gari, na ukiona daraja R au RA, gari liligongwa likatengenezwa.

Kwa gari lililokwisha fika yadi, njoo na fundi mwenye mashine ya kusoma betri bloku kwa bloku, yaani kila fungu la seli peke yake. Bloku moja ikipishana sana na wenzake, hiyo ndiyo itakayokuliza. Na usimwambie dalali unakuja saa ngapi. Fika asubuhi, weka kiganja juu ya boneti kabla hajaliwasha. Likiwa la moto, limeshawashwa na dalili za asubuhi hutaziona; mwambie utarudi kesho.