Mkanda wa taimingi ukikatika: uani au gereji?

Gari limezima ghafla Raskazone, Tanga: mkanda wa taimingi, unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu, yaani milango ya hewa ya injini), umekatika. Ufunge mpya mwenyewe uani, au ulivute gari hadi gereji Ngamiani?

Nyumbani unaokoa hela ya ufundi, na unaona kwa macho yako kama pampu ya maji na rola za kukaza mkanda vimebadilishwa. Ila alama za krenki na kamshafti lazima zilingane. Ukikosea hata jino moja, injini itakosa nguvu. Ukishafunga, zungusha krenki kwa spana mizunguko 2 kamili, utazame alama tena, kabla hujagusa swichi. Ikigoma, usilazimishe!

Gereji ni ghali, lakini fundi atapima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), ajue kama valvu zimepinda. Mkanda mpya haunyooshi valvu zilizopinda, kwa hiyo injini ambayo valvu zake hugonga pistoni mkanda ukikatika, mimi ningeipeleka huko kwanza, hata kama spana zote ninazo.