CT scan ya kichwa Tabora mjini: mashine nzuri, majibu ya haraka mno

Kwa mashine, kituo hiki binafsi hakina neno. Picha ni safi, foleni fupi, na mgonjwa aliyetoka Urambo asubuhi anarudi na gari la jioni. Shida iko kwenye karatasi ya majibu.

Chukua mtu aliyeanza kifafa ukubwani. Picha inaonyesha kifuko cha sentimita 1 kwenye ubongo, pembeni pamevimba, na karatasi inasema "uvimbe, huenda ni saratani". Hapo ukoo unaanza kuuza ng'ombe apelekwe Dar es Salaam. Huku kwetu cha kwanza kufikiriwa ni lava wa tegu wa nguruwe. Akiwa hai, au ndiyo anaanza kufa, ndani ya kifuko huonekana nukta nyeupe: ni kichwa chake, na kikionekana ubishi umekwisha. Ila nukta yenyewe ni ya milimita chache tu, na filamu za hapa huchapwa kwa vipande (tabaka za picha ya kichwa) vya unene wa milimita 5, hivyo hupotea. Omba CD yenye vipande vya milimita 1. Hawakatai, lakini usipoomba hupewi. Uvimbe wa TB nao hufanana na huu, ingawa mara nyingi huzidi sentimita 2 na kingo zake huwa si laini. (Asiyekula kitimoto naye aulizwe. Kitimoto kibichi huleta tegu wa tumboni. Lava wa ubongoni hutokana na mayai yaliyomo kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu.)

Kosa jingine ni chokaa ya kawaida ya uzeeni iliyoganda ndani ya ubongo kuitwa damu. Kuweka kipimo cha Hounsfield (namba ambayo kompyuta ya CT hutoa kuonyesha kitu kina uzito kiasi gani kwenye picha) juu ya doa ni kazi ya dakika moja: damu mbichi husoma kama 50 hadi 90, chokaa kwa kawaida huvuka 100. Doa likiwa dogo, lipimwe kwenye vipande vyembamba, maana vinene hushusha namba.

Sifa wanayostahili: hupiga kwanza bila dawa ya mshipa (ile ya kung'arisha picha), na huulizia kipimo cha figo kabla ya kuichoma.

Kwa ajali za bodaboda, nendeni bila wasiwasi. Kwa kifafa, daktari anayemtuma mgonjwa aandike umri, kifafa kilianza lini, hali ya VVU, kama amewahi kuugua TB, na kama nyumbani au kwa jirani nguruwe huzurura. Fomu iliyoandikwa "kichwa" tu hurudi na majibu ya kubahatisha.